Uchovu usioisha: kabla ya kununua dawa ya kuongeza damu, tafuta damu inakokwenda

#1 Mpima_Damu

Wakuu, habari za muda huu.

Nafanya kazi ya maabara katika kituo cha afya huku Kanda ya Ziwa. Karatasi nyingi zinazopita dirishani kwangu zina maneno yanayofanana: mwili kuchoka, kukosa nguvu, kizunguzungu. Chini yake vipimo ni vilevile, malaria, taifodi na UTI. Mtu anaondoka na mfuko wa dawa, mwezi ukipita anarudi na malalamiko yaleyale, na safari hii ameongezewa sindano. Kipimo cha wingi wa damu, ambacho kinahitaji tone moja la kidoleni na majibu hutoka mgonjwa akiwa bado amesimama pale, hakijaandikwa popote. Linaniuma hili, ndiyo maana nimelileta jamvini.

Kuna swali la kujiuliza nyumbani kabla hujafika kwetu. Unaposema umechoka, unamaanisha nini hasa? Kuna mtu mwili wake uko sawa lakini anasinzia kwenye daladala, kwenye ibada, hata katikati ya mazungumzo. Huyo tuulize kwanza habari za usingizi wake. Mwingine hasinzii, ila akipanda kilima kidogo anahema na moyo unakwenda mbio. Huyo tutazame damu, moyo na mapafu. Kuna ambaye pumzi yake ni nzuri lakini akichuchumaa hawezi kuinuka bila kushika ukuta, au kikombe kinamponyoka mkononi. Huo ni udhaifu wa misuli au wa neva, habari nyingine kabisa. Na kuna anayeamka akiwa amechoka, hana hamu na chochote, hata mambo aliyokuwa akiyapenda. Ukimweleza daktari namna hiyo, anajua aanzie wapi.

Nianze na damu, maana ndiyo ninayoiona kila siku. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mwanamke asiye mjamzito ana upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, mjamzito chini ya 11 (miezi mitatu ya katikati chini ya 10.5), mwanamume chini ya 13. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa 2015/16 ulikuta wanawake kama 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu huo. Hao ni karibu nusu ya mama zetu, dada zetu na wake zetu. Wanalima, wanachota maji, wana mtoto mgongoni, na wakikaa kivulini kupumzika wanaitwa wavivu. Damu ikishuka polepole kwa miezi, mwili hujizoesha. Nimeshapima watu wenye damu 5 waliokuja kwa miguu yao wenyewe, wanalalamika kichwa tu.

Dalili zake mnazijua: ndani ya kope la chini kuwa peupe, viganja kupauka, masikio kuvuma, macho kuona kiza ukisimama ghafla. Ila kuna moja watu wanaichukulia mzaha. Dada anayetembea na mchele mbichi kwenye mkoba, au anayetafuna udongo wa pemba, au barafu, mara nyingi ana upungufu wa madini ya chuma. Hamu hiyo ni dalili inayojulikana kitabibu, tusimcheke. Tumpeleke akapime. Na udongo wenyewe unamwongezea tatizo, kwa sababu huzuia chuma kufyonzwa tumboni na unaweza kubeba mayai ya minyoo.

Sasa, mtu akiambiwa damu ni 8, nyumba nzima inahangaika na rozela, bitiruti na sirapu za kuongeza damu. Hakuna anayeuliza hiyo damu imekwenda wapi. Inaweza kuwa inapotea, au haitengenezwi, au inavunjwa, na kila njia ina tiba yake.

Inayopotea ndiyo nyingi. Kwa wanawake hedhi nzito inaongoza: siku zaidi ya saba, mabonge, pedi kulowa ndani ya saa moja au mbili. Nyuma yake mara kwa mara kuna uvimbe kwenye kizazi. Kwa watu wa mashambani kuna minyoo ya safura, inayoingia kwa kutoboa ngozi ya mguu ulio peku na kwenda kung'ang'ania ukuta wa utumbo. Mnyoo mmoja hunyonya damu kidogo sana, lakini wakiwa mamia na wakakaa miaka, unapata mtu aliyevimba miguu na kupauka, na majirani wanasema amerogwa. Huku kwetu ziwani kuna kichocho pia. Halafu kuna vidonda vya tumbo, na hapa niseme kwa msisitizo: wale mnaomeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya mgongo, dawa hiyo inaweza kuchimba tumbo likavuja damu bila maumivu yoyote. Choo kikiwa cheusi kama lami, hiyo ni damu. Bawasiri nayo. Na mwanamume, au mama aliyekwisha koma hedhi, akikutwa na upungufu wa chuma bila sababu inayoeleweka, lazima tumbo lake lichunguzwe, kwa sababu saratani ya utumbo mpana huweza kuanza hivyo, kimya kabisa. Kumpa vidonge vya chuma na kumruhusu aende ni kumchelewesha.

Damu isiyotengenezwa ni ya yule anayekula ugali na mboga za majani tu mwaka mzima, mwenye figo zilizochoka, mwenye VVU au kifua kikuu ambacho hakijagunduliwa. Inayovunjwa ni ya malaria na selimundu (sikoseli).

Malaria na taifodi nazieleza kidogo, maana ndizo zinazofunika mambo mengine. Kipimo cha haraka cha malaria kinatafuta protini ya vimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata baada ya vimelea kufa. Kwa hiyo mtu aliyetibiwa vizuri mwezi uliopita anaweza kupima tena, akakutwa chanya, akaambiwa ana "malaria sugu" na kupewa dozi nyingine. Katika hali hiyo omba kipimo cha hadubini. Taifodi ndiyo mbaya zaidi. Kipimo cha Widal hakimtafuti mdudu, kinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili huzitengeneza kupambana na mdudu, na kingamwili inaweza kuwa ya maambukizi ya miaka ya nyuma au hata ya vijidudu vingine. Taifodi ya kweli ni homa inayopanda na kukaa siku nyingi. Mtu asiye na homa, aliyechoka kwa miezi mitatu, akipewa vidonge vya taifodi mara ya nne, kuna kitu kingine kinachoachwa kikikua.

Kwa hiyo ukichoka zaidi ya wiki mbili au tatu bila sababu unayoijua, kwa mtazamo wangu wa maabara vipimo vya mwanzo ni hivi: picha kamili ya damu, sukari, VVU, mkojo, choo kama uko eneo la minyoo na kichocho, na ujauzito kwa mwanamke yeyote ambaye inawezekana. Vingi vyake vinafanyika kituo cha afya cha kawaida. Figo, ini na tezi ya shingo vinafuata daktari akiona haja.

Na haya hayasubiri uzi wala foleni: upande mmoja wa mwili kulegea ghafla, mdomo kwenda pembeni, maneno kukwama, kifua kubana, kuhema ukiwa umekaa tu, kutapika damu, choo cheusi, kuzimia, au miguu kuanza kulegea na ulegevu kupanda juu siku baada ya siku. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Karibuni.

#2 MamaPacha

Mkuu umenigusa. Hedhi yangu inakwenda siku nane mpaka tisa, na mchele mbichi natafuna, sikujua kama vinahusiana. Niliwahi kupewa FEFO, vile vidonge vya chuma, nikaziacha, zilikuwa zinanichafua tumbo na choo kikawa cheusi nikaogopa. Nilikuwa nazimeza asubuhi na chai ya maziwa.

#3 Mpima_Damu

Dada MamaPacha, pole na asante kwa kusema wazi, wapo wengi wanasoma na wana shida hiyohiyo.

Choo cheusi unapotumia vidonge vya chuma ni kawaida, ni chuma kilichobaki. Cha kuogopa ni kile cheusi chenye kunata, kinachong'aa na kunuka vibaya, hasa kama hutumii vidonge.

Chai ndiyo iliyokuangusha. Majani ya chai na kahawa huzuia chuma kuingia mwilini, maziwa nayo hivyohivyo. Meza kwa maji, na ukipata chungwa au maji ya ndimu ni vizuri zaidi kwa sababu vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Chai inywe baada ya saa moja au mbili. Tumbo likichafuka, meza na chakula kidogo, au mwulize daktari kuhusu kumeza siku moja na kuacha moja. Tafiti zimeonyesha mwili hufyonza sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge ukipewa nafasi ya siku moja katikati.

Kuna kosa la kuacha dawa mara damu inapofika 12. Vidonge huendelea kama miezi mitatu baada ya hapo, ili akiba ya mwili nayo ijae. Na vifungie mbali na hao pacha, chuma kingi kwa mtoto mdogo ni sumu inayoua.

Lakini hayo yote ni kujaza. Kinachovuja hakijaguswa. Siku nane mpaka tisa si kitu cha kuvumilia. Omba upimwe kizazi kwa ultrasaundi, na umweleze daktari ukubwa wa hedhi kwa pedi: ngapi kwa siku, usiku unaamka mara ngapi kubadilisha. Kuna dawa za kupunguza hedhi na kuna matibabu ya uvimbe, si kila uvimbe unahitaji upasuaji.

#4 Boda_wa_Msamvu

Mpima Damu nakuheshimu ila kwenye hili la nguvu, mimi nikiwekewa dripu na sindano ya vitamini kesho yake nipo barabarani vizuri kabisa. Huwezi kuniambia hazifanyi kazi.

#5 Mpima_Damu

Kaka, tuitazame hiyo chupa. Dripu ya maji ya sukari ya asilimia 5, ile ya nusu lita, ina gramu 25 za sukari. Ni kama vijiko sita vya chai. Kikombe cha uji wenye sukari na andazi vinakupa zaidi ya hapo, bila sindano na kwa bei ndogo. Kama ulikuwa umekaukiwa maji baada ya siku nzima juani, maji yenyewe yatakufanya ujisikie vizuri, na saa mbili ulizolala kitandani pale zimekusaidia pia. Dripu ni dawa muhimu kwa anayetapika, anayeharisha sana, asiyeweza kunywa. Kwa mtu mwenye kisukari ambaye hajijui inapandisha sukari, na kwa mwenye moyo dhaifu maji hayo yanaweza kujaa kwenye mapafu.

Naomba nikuulize unalala saa ngapi na unaamka saa ngapi. Na vile vinywaji vya kuongeza nguvu unakunywa vingapi kwa siku? Kafeini hukaa mwilini kwa saa nyingi. Ukinywa saa kumi na mbili jioni, saa tano usiku karibu nusu yake ingali inafanya kazi, usingizi unakuwa mwepesi, asubuhi umechoka, unanunua nyingine.

#6 Boda_wa_Msamvu

Nalala kama saa saba usiku, kumi na moja alfajiri nishatoka. Vinywaji vinne, vitano. Mke wangu analalamika nakoroma mpaka natisha, anasema kuna wakati nanyamaza kama nimekata pumzi halafu nashtuka.

#7 Muuguzi_Bagamoyo

Kaka Boda, hilo la mwisho usilipuuze hata kidogo. Kukoroma kwa nguvu, pumzi kusimama, kisha kushtuka, ni ugonjwa wa njia ya hewa kuziba usingizini. Mtu anaweza kulala saa nane na akaamka hoi kwa sababu ubongo umeamshwa mara nyingi usiku bila yeye kujua. Hupandisha presha, na kwa mtu wa pikipiki kusinzia sekunde mbili kunatosha kuua wawili. Kapime presha na sukari, mwambie daktari maneno hayohayo ya mke wako, ikiwezekana nenda naye mwenyewe aeleze. Kupunguza uzito kama umezidi, kulala ubavu na kuacha pombe za usiku kunasaidia wengi. Hizo saa nne za usingizi nazo hazitoshi, hakuna dawa ya kuziba pengo hilo.

Niongeze jambo ambalo mleta uzi amelipita, linahusu wazazi. Mama aliyejifungua akichoka tunasema ni kulea. Mara nyingi ni kweli. Lakini kuna ugonjwa wa moyo unaotokea kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi miezi mitano baada ya kujifungua, misuli ya moyo inalegea. Dalili zake: anashindwa kulala chali lazima aegemee mito, anaamka usiku akitafuta hewa, miguu inavimba na haipungui, kikohozi kikavu. Ndugu wanamwambia ajikaze. Wasimwambie hivyo. Apelekwe apimwe moyo, dawa zipo na wengi moyo hurudi.

Na kifua kikuu: uchovu pamoja na kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, nguo kuanza kupwaya. Kupima makohozi na dawa ni bure, matibabu ya kawaida ni miezi sita. Kwa wenye VVU kikohozi kinaweza kuwa kidogo sana, ukaona uchovu na kukonda tu.

#8 Ibn_Kongowea

Hamjambo nyote, niko Mombasa. Babangu ana miaka 63, ana sukari na presha kwa zaidi ya mwongo mmoja. Anatumia metfomini na dawa mbili za presha, moja ni ile ya kukojoza. Sukari yake si mbaya. Lakini siku hizi amedhoofika, miguu inamfa ganzi, akitembea mpaka msikitini apumzike njiani mara mbili. Amepima malaria, hakuna kitu.

#9 Daktari_Mstaafu

Ibn Kongowea, msalimie mzee. Umeeleza vizuri na nitajibu kwa mpangilio wa kile ambacho ningekitafuta mimi.

Metfomini ni dawa nzuri sana, lakini ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini. Upungufu huo huleta uchovu, upungufu wa damu, ganzi ya miguu na kuyumba unapotembea. Shida ni kwamba ganzi ya kisukari chenyewe inafanana nayo, hivyo kila mtu anasema "ni sukari tu" na B12 haipimwi. Ipimwe, maana hii inatibika kwa sindano au vidonge, na neva zikichelewa sana hazirudi zote.

Pili, figo. Kisukari na presha vya miaka kumi vinaweza kuzichosha. Figo ndizo zinazotoa homoni inayouamuru uboho utengeneze damu, zikilegea damu inashuka hata mtu akila maini kila siku. Aombe kipimo cha kreatinini, protini kwenye mkojo na picha kamili ya damu.

Tatu, dawa ya kukojoza inaweza kushusha potasiamu, na misuli bila potasiamu hulegea na kukaza. Nyingine za presha, zile zinazopunguza mapigo ya moyo, huchosha baadhi ya watu. Dawa asiziache mwenyewe. Azibebe zote kwenye mfuko, aziweke mezani kwa daktari.

Nne, kupumzika njiani. Muulize anasimama kwa sababu ya nini. Pumzi? Kifua kubana? Au misuli ya shavu la mguu inauma kisha inaacha akisimama? Hiyo ya mwisho ni mishipa ya damu ya miguu kuziba. Ya kifua ni moyo, na kwa mwenye kisukari moyo unaweza kuugua bila maumivu makali, akasikia kuchoka tu. Apimwe moyo mapema, wiki hii kama inawezekana.

Kwa wasomaji wengine ambao hawajijui: kiu isiyoisha, kuamka usiku kukojoa, kukonda huku unakula, macho kuwa na ukungu, pamoja na uchovu, pima sukari. Asubuhi kabla ya kula chochote ikiwa milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, au wakati wowote 11.1 au zaidi ukiwa na dalili hizo, unaongea na daktari kuhusu kisukari.

#10 Ibn_Kongowea

Shukran daktari. Nimemuuliza sasa hivi, anasema pumzi na kifua kizito. Kesho asubuhi tunakwenda.

#11 Daktari_Mstaafu

Usingoje asubuhi ikiwa uzito huo utamjia akiwa ametulia, au ukiandamana na jasho au kichefuchefu. Hapo ni usiku huohuo.

#12 Niko_Muscat

Assalaam alaykum. Nafanya kazi za nyumbani huku Oman. Mapaja yananiuma, mifupa inauma, ngazi nazipanda kwa kushika ukuta. Dereva mmoja wa huku ameniambia ni vitamini D. Kweli jua lote hili mtu anakosa vitamini ya jua?

#13 Muuguzi_Bagamoyo

Waalaykum salaam mdogo wangu. Inawezekana sana, na Ghuba tatizo hili ni la kawaida. Jua la nje halikusaidii ukiwa ndani kuanzia alfajiri mpaka usiku, na mwanga unaopita kwenye kioo cha dirisha hauna ile miale inayotengeneza vitamini D kwenye ngozi. Mapaja kukosa nguvu kwenye ngazi na mifupa kuuma ndiyo picha yake. Omba ipimwe, na dozi akupangie daktari, kwa sababu ukizidisha kalsiamu hupanda na kuumiza figo.

Wakikutoa damu waombe wapime na tezi ya shingo, kipimo kinaitwa TSH. Tezi ikizembea unachoka, unasikia baridi wenzako wakisikia joto, choo kigumu, uzito unaongezeka, nywele zinakatika, na hedhi inakuwa nzito. Dada MamaPacha hilo la mwisho lisome na wewe. Tezi ikizidisha kasi nayo inachosha: moyo mbio, mikono kutetemeka, kukonda. Na yule mwenye uvimbe wa shingo aliyeambiwa ni rovu tu, apimwe pia.

#14 Laizer_wa_Nyanda

Sisi wafugaji hamjatugusa. Huku kwetu mtu ana homa za kuja na kuondoka, jasho, viungo vinauma, mgongo, amechoka miezi. Kila mara malaria.

#15 Mpima_Damu

Umeleta jambo kubwa, mzee Laizer. Kuna utafiti uliofanyika Moshi kwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa mwaka 2007 na 2008, ukachapishwa 2013. Asilimia 60.7 kati yao waliandikiwa kuwa wana malaria. Walipochunguzwa kwa vipimo kamili, waliokuwa na malaria kweli walikuwa asilimia 1.6. Baadhi ya waliobaki walikuwa na magonjwa yanayotoka kwa mifugo na panya, brusela, homa ya Q na leptospira, ambayo hakuna daktari aliyeyaandika kwenye faili.

Unayoyaeleza yanafanana na brusela. Hutoka kwenye maziwa mabichi, na kwa kushika kondo na ndama waliotupwa na ng'ombe bila glavu. Matibabu yake yanachukua wiki kadhaa kwa dawa mbili au zaidi kwa pamoja; dawa moja ya siku tano inatuliza halafu ugonjwa unarudi. Ukifika hospitali sema kabisa: mimi ni mfugaji, tunakunywa maziwa mabichi, ng'ombe fulani wametupa mimba. Hakuna kipimo kitakachoombwa kama hujasema. Na maziwa yachemshwe, najua si mila, lakini watoto wanaugua.

#16 Tuli_K

Mimi nimepima vyote mlivyotaja. Damu 13, sukari nzuri, tezi nzuri, VVU hakuna. Daktari akasema sina ugonjwa. Lakini kutoka kitandani ni vita. Naamka saa tisa usiku silali tena. Chakula hakina ladha. Nyumbani wanasema najidekeza.

#17 Muuguzi_Bagamoyo

Tuli, hujidekezi. Vipimo vya damu kuwa vizuri ni habari njema ila havijamaliza maswali. Unayoyasema, kuamka alfajiri na kushindwa kulala tena, kukosa ladha ya chakula, mwili mzito, hamu kuisha, yakidumu zaidi ya wiki mbili ni dalili za sonona, na sonona ni ugonjwa. Huku kwetu watu wengi wenye sonona hawaji wakisema wana huzuni, wanakuja wakisema mwili umechoka, kichwa kinauma, moyo unadunda. Ina tiba: mazungumzo na mtaalamu, na dawa kwa wanaozihitaji, ambazo huchukua wiki kadhaa kuanza kusaidia kwa hiyo usikate tamaa wiki ya kwanza. Hospitali za mikoa zina kliniki za afya ya akili, na daktari wa kawaida anaweza kukuandikia rufaa.

Kama kuna mawazo ya kujidhuru, hata yakipita haraka, mwambie mtu leo na uende hospitali leo. Nimekuandikia ujumbe pembeni, nijibu hata kwa neno moja.

#18 Tuli_K

Nimeuona. Asante dada.

#19 Daktari_Mstaafu

Kabla sijasahau, mabinti wanaonunua vidonge vya kunenepesha mtaani. Vingi vina deksamethazoni au prednisoloni. Uso unajaa, hamu ya kula inakuja. Ukivitumia miezi kisha ukaacha ghafla, tezi zilizo juu ya figo zinakuwa zimelala, hazitoi homoni yake. Matokeo ni udhaifu mkubwa, kizunguzungu, kutapika, presha kushuka, na ukipata homa au ajali unaweza kufa. Aliyevitumia muda mrefu asiache kwa mkupuo, aende hospitali aseme ukweli, apunguziwe taratibu. Hakuna wa kumfokea, na akifokewa aende kwingine.

#20 Baba_Neema_Sengerema

Mpima Damu, binti yangu ana miaka minne. Anachoka akicheza kidogo, anajilaza. Macho yana unjano kwa mbali, na mara mbili mikono na vidole vilivimba akalia sana. Dukani nimepewa sirapu ya kuongeza damu yenye chuma, nimpe?

#21 Mpima_Damu

Kaka, sirapu iache kwanza. Uchovu, macho ya njano na vidole kuvimba kwa maumivu kwa mtoto wa umri huo vinanifanya niwaze selimundu. Damu ya selimundu hupungua kwa kuvunjika, chuma chake mara nyingi hakijapungua, kwa hiyo hapewi chuma bila kupima. Mpeleke apimwe wingi wa damu, malaria na selimundu. Kuna kipimo cha haraka, na kama hapo kwenu hakipo damu inatumwa hospitali ya wilaya au ya rufaa. Nyinyi wazazi wawili mpimwe pia, kwani mtoto hurithi kutoka kwa baba na mama wote wawili, na wabebaji huwa hawaumwi. Mama yake asilaumiwe peke yake.

Akikutwa nayo, kuna kliniki yake, kuna foliki asidi, kinga dhidi ya malaria na vijidudu vya nimonia, na haidroksiurea, dawa inayopunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu. Watoto wanakua, wanasoma, wanaoa na kuolewa.

Usiku huu mtazame viganja. Vikiwa vyeupe kabisa, au anapumua haraka, au tumbo la kushoto limevimba ghafla, au ana homa, au amelegea haamki vizuri, mbebe mwende sasa. Kama hana hayo, kesho asubuhi muwe wa kwanza kwenye foleni, na mnyweshe maji ya kutosha toka leo.